Francis Bacon, mtu aliyeona katika baruti kwamba wahenga hawakujua yote

Francis Bacon alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Januari 1561. Akiwa na miaka 12 alipelekwa kusoma Cambridge. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa wamefika kilele cha elimu. Kazi ya waliozaliwa baadaye ilikuwa kusoma vitabu vyao na kuvitunza.

Bacon alikataa. Alisomea sheria, akawa mbunge, na mwaka 1618 Mfalme James wa Kwanza akampa cheo kikubwa kabisa cha sheria nchini. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu cha Kilatini, Novum Organum, yaani Chombo Kipya. Humo alitaja vitu vitatu vilivyogeuza dunia kuliko utawala wowote: uchapaji, baruti na dira. Wahenga hawakuwa navyo.

Kwa upande wa baruti, ushahidi ulionekana kwa macho. Kuta za Constantinople za upande wa nchi kavu zilizuia maadui kwa miaka 1000 hivi. Mwaka 1453 mizinga ya Waturuki ilizibomoa katika muda usiofika miezi miwili. Jemadari yeyote wa Roma ya kale angeshangaa. Basi, historia haikuwa safari ya kushuka tu kutoka zama za dhahabu: wajukuu wangeweza kujua mambo ambayo babu hawakuyajua.

Lakini baruti hiyohiyo ilitisha. Mwaka 1605, Bacon akiwa mbunge, mapipa 36 yalikutwa chini ya jengo la Bunge, tayari kumlipua mfalme.

Bacon aliona pia kwamba uvumbuzi huo ulipatikana kwa bahati, na asili yake haikujulikana vizuri Ulaya. Leo inajulikana kwamba baruti ilitoka China, ambako namna ya kuichanganya ilikuwa imeandikwa kufikia mwaka 1044. Yeye alitaka watu wasingoje bahati, bali wachunguze na kujaribu kwa utaratibu.

Mwaka 1621 alikiri kupokea rushwa, akapoteza cheo na kufungwa siku chache. Alifariki tarehe 9 Aprili 1626. Mwaka 1660 wanasayansi wa London walianzisha Royal Society, wakifuata njia yake ya majaribio.