Louis Leakey: mtu aliyewakutanisha watafiti wa Afrika Nairobi mwaka 1947

Wengi wetu tunalijua jina la Leakey kwa sababu ya Olduvai, kule Ngorongoro. Kazi yake nyingine haitajwi sana, nayo ni kuwaita watafiti waliotawanyika waje wakae chumba kimoja, wabishane, kisha waende kutazama mawe na mifupa kwa macho yao.

Louis Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, Agosti 1903, wazazi wake wakiwa wamisionari Waingereza. Alikua akicheza na watoto wa Kikuyu na lugha yao akaizungumza kama mwenyeji. Alisoma Cambridge, akarudi na kuanza kuchimba mwaka 1926. Mwaka 1931 alifika Olduvai kwa mara ya kwanza akiwa na Mjerumani Hans Reck.

Kisha akaanguka. Mwaka 1932 alitangaza mfupa wa taya uliopatikana Kanam, karibu na Ziwa Victoria, akidai ni wa zamani mno. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Boswell, alitoka Uingereza kuja kuhakiki. Leakey alishindwa kumwonyesha mahali penyewe. Alikuwa amechomeka vigingi vya chuma kama alama, lakini wakazi walishaving'oa, maana chuma ni mali. Boswell akaandika lawama kali. Wakati huohuo Leakey alikuwa amemwacha mke wake wa kwanza kwa ajili ya Mary, aliyekuja kuwa mtafiti mkubwa kuliko wengi wa wakati wake. Milango ya Cambridge ikafungwa.

Hapa kwetu nako kulikuwa na shida ya aina yake. Ziwa Eyasi linapakana na bonde la Yaeda, na zamani Karatu yote ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Mwaka 1935 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alipata vipande vya mafuvu ya binadamu wa kale ufukweni mwa ziwa hilo. Vilipelekwa Ujerumani, vikaandikwa kwa Kijerumani, na vikapewa jina la kitaalamu lililotokana na Njarasa, jina ambalo Wajerumani waliliita ziwa letu. Kisha vita vikaanza. Leakey alikwenda mwenyewe kukagua mahali pale, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1946. Kwa hiyo fuvu lilikuwa Ulaya, udongo lilimotoka uko Eyasi, na wanaolijadili hawasomi maandishi ya wenzao.

Hali ilikuwa hivyo karibu Afrika nzima. Mfaransa wa Algeria, Mwingereza wa Kenya na mtafiti wa Afrika Kusini kila mmoja alikuwa na majina yake ya zana za mawe na hesabu yake ya zama. Leakey, wakati huo akisimamia jumba la makumbusho la Coryndon jijini Nairobi, akaamua kuwaita wote. Januari 1947 walifika wajumbe wapatao 60 kutoka nchi 26. Kiti cha rais alipewa padri Mfaransa Henri Breuil, bingwa wa michoro ya mapangoni. Leakey akabaki na kazi ya katibu, ile ambayo ikiharibika kila mtu anaiona na ikienda vizuri hakuna anayeikumbuka.

Hakutaka watu wakae wakisoma karatasi tu. Kule Olorgesailie, kusini-magharibi mwa Nairobi, kulijengwa njia ya mbao juu ya ardhi ili wageni watazame mashoka ya mawe yalipolala bila kuyakanyaga. Baada ya aibu ya Kanam, tunaweza kuelewa kwa nini alitaka kila mtu aone mahali penyewe.

Jambo kubwa la mkutano lilihusu Afrika Kusini. Tangu 1925 Raymond Dart alikuwa akisema fuvu la mtoto wa Taung ni la ukoo wa binadamu, na wakubwa wa Ulaya wakimpuuza. Mwingereza Le Gros Clark alipita kwanza Afrika Kusini akayakagua mafuvu, kisha akasimama Nairobi na kusema Dart na mwenzake Robert Broom walikuwa sahihi. Zaidi ya miaka 20 ya dharau ilianza kugeuka hapo.

Mkutano ulikosea pia. Ulikubali mpango ambao Leakey aliutetea sana, wa kuhesabu zama za Afrika yote kwa vipindi vya mvua nyingi. Baadaye ilionekana kwamba maziwa ya Bonde la Ufa hupanda na kushuka pia kwa sababu ardhi yenyewe husogea. Mtu wa Mbulu akitazama ule ukuta ulio juu ya Ziwa Manyara hahitaji maelezo marefu. Mpango ule ukaachwa, lakini kwa kuwa ulipigiwa muhuri na mkutano, uliwachelewesha watu kwa miaka.

Tena, waliokaa vitini karibu wote walikuwa wazungu. Waafrika kama Heselon Mukiri, aliyechimba na Leakey tangu siku za mwanzo, ndio waliokuwa na macho ya kuona mfupa kwenye changarawe.

Mkutano wa pili ulitarajiwa Afrika Kusini. Serikali ya ubaguzi iliyoingia mwaka 1948 ikaondoa mwaliko, ukahamia Algiers mwaka 1952. Kwa Leakey, ule wa Nairobi ulimrudishia heshima na ukafungua mifuko ya wafadhili. Mwaka 1948 Mary alipata fuvu la nyani wa kale kisiwani Rusinga. Mwaka 1951 wawili hao walikaa Kondoa, jirani zetu wa kusini, wakinakili michoro ya mapangoni. Na Mary alipopata fuvu la Zinjanthropus Olduvai Julai 1959, mwezi uliofuata walilibeba hadi Leopoldville, kwenye mkutano wa nne, wenzao walishike na kulikagua. Leo fuvu hilo liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Mkutano wake unaendelea kuhama kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 2022 ulifanyika Zanzibar, na safari hii watafiti Waafrika walikuwa miongoni mwa wenyeji na wasemaji.