Patrick Geddes: mtu aliyetembea mtaani kabla ya kuchora ramani

Alama ya X nyekundu ikipigwa ukutani, maswali huwa mengi. Nani aliupitisha mpango huu? Alifika hapa lini? Aliona kwamba kuna kisima, kuna msikiti, kuna bibi anayeuza maandazi barazani? Katika vipindi vyetu vya ardhi maswali haya yanarudi kila msimu. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyeyauliza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akataka yawe kipimo cha kila mpango unaofika mezani kwa halmashauri. Jina lake Patrick Geddes, Mskoti. Hakusomea upimaji wa ardhi wala uhandisi. Alisomea viumbe na mimea.

Alizaliwa Oktoba 1854 huko Ballater, Uskoti, baba yake akiwa mwanajeshi. Alikulia karibu na mji wa Perth, katika nyumba ya mlimani yenye bustani, na kwa baba yake alijifunza kupanda na kuvuna kabla ya kujua vitabu vikubwa. Baadaye alikwenda London kusoma kwa Thomas Huxley, mwanasayansi mwenye jina kubwa wakati ule. Shahada hakuwahi kuichukua, na hilo halikumzuia kuwa profesa wa mimea mjini Dundee kuanzia mwaka 1888 hadi 1919.

Kilichomtoa kwenye mimea ni macho. Mwaka 1879 alikwenda Mexico kwa utafiti, akaugua, akapoteza uwezo wa kuona. Alifungiwa katika chumba chenye giza kwa wiki kadhaa, hajui kama ataona tena. Macho yalirudi, lakini kukaa saa nyingi kwenye hadubini hakukuwezekana tena kama zamani. Akaanza kuangalia vitu vikubwa kuliko jani. Mmea, alijua, huutazami peke yake. Unautazama pamoja na udongo wake, maji yake na wadudu wake. Akaona mtaa ni hivyo hivyo: kuna mahali, kuna kazi wanazofanya watu pale, na kuna watu wenyewe. Ukigusa kimoja umevigusa vyote vitatu.

Mwaka 1886 alimwoa Anna Morton, na muda mfupi baadaye wawili hao wakafanya jambo lililowashangaza jamaa zao. Walihamia James Court, katika mji wa kale wa Edinburgh, mahali pa majumba marefu yaliyochakaa na familia zilizobanana chumba kwa chumba. Manispaa ilikuwa imeshabomoa sehemu ya vichochoro vya mji ule ili kupitisha barabara mpya, chini ya sheria ya mwaka 1867. Geddes na mkewe walichukua njia nyingine. Walisafisha, wakapaka chokaa, wakaweka maua madirishani, wakawavuta majirani nao wafanye hivyo. Penye giza kupita kiasi jengo moja bovu liliondolewa ili mwanga uingie, na majengo ya pembeni yakabaki na watu wake.

Mwaka 1892 alichukua jengo moja refu mjini humo akaliita Mnara wa Kutazama. Juu kabisa palikuwa na kioo na lenzi vilivyoleta picha hai ya mji juu ya meza, watu wakionekana wakitembea. Ghorofa za chini zilionyesha ramani na picha za Edinburgh, kisha Uskoti, kisha nchi za mbali mpaka dunia nzima. Alitaka mwananchi na mtawala wauone mji wao wote kabla ya kuamua chochote juu yake.

Mwaka 1909 Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza iliyozipa serikali za mitaa uwezo wa kupanga miji. Geddes aliiunga mkono, ila kulikuwa na hatari aliyoiona mapema: halmashauri zingekimbilia kuchora. Mtu mwenye rula na kalamu anaweza kupitisha barabara juu ya nyumba themanini kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo akashikilia neno moja kwa miaka yote iliyobaki: utafiti kwanza, mpango baadaye. Mpango usiotanguliwa na utafiti wa mahali penyewe, kwake ulikuwa haujafikia hatua ya kujadiliwa.

Alikusanya ramani, picha na michoro ya miji mingi, akaitembeza kama maonyesho. Mwaka 1914 alialikwa kuipeleka India, iliyokuwa chini ya Waingereza. Yeye alifika salama. Maonyesho yake hayakufika, maana vita kuu ya kwanza ilikuwa imeanza, na meli iliyoyabeba ilizamishwa na manowari ya Kijerumani iitwayo Emden. Marafiki zake walimkusanyia mengine, na mwanzoni mwa 1915 yakafunguliwa Madras.

India ndiko kazi yake ilikokomaa. Aliitwa na magavana, manispaa na watawala wa majimbo kutazama miji yao, na mara nyingi alikuta mpango umeshaandaliwa na wahandisi, umebaki kusainiwa. Kwa lugha ya leo, alikuwa mkaguzi wa mapendekezo ya uendelezaji wa ardhi. Hakukagua akiwa ofisini. Aliichukua ramani akatoka nayo juani, kichochoro kwa kichochoro, siku nyingi. Aliweka alama kila kiwanja kitupu, kila nyumba iliyoanguka, kila mti, kila kisima, kila mahali pa ibada.

Chukua Tanjore, kusini mwa India, ambako ripoti yake ilitoka mwaka 1915. Mpango aliokuta ulitaka barabara mpya zilizonyooka zipasue mtaa uliobanana. Geddes alipotembea aligundua kwamba njia za zamani zilitosha, ila zimezibwa hapa na pale. Ukivitumia viwanja vilivyokuwa vitupu, ukaondoa nyumba chache mbovu kabisa na kupanua njia zilizopo, hewa inafika kila nyumba. Gharama ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kubomoa. Njia hii aliifananisha na kazi ya daktari mpasuaji anayekata panapouma tu na kuacha mwili uishi.

Lahore, mwaka 1917, alikuta mpango mkali zaidi, uliotaka kufagia mtaa mzima pamoja na sehemu zake za ibada. Ripoti yake juu ya mpango huo haikuwa na upole. Hoja aliyoirudia katika miji hii ndiyo tunayoiona nzito kuliko zote: watu wanaobomolewa hawapotei. Wanakwenda kubanana na ndugu na jamaa katika mtaa wa pili, kodi ya chumba inapanda, na msongamano uliotaka kuuondoa umeuhamishia kwa jirani. Mpango usioeleza watu hao watalala wapi ulikuwa kwake haujakamilika, hata kama barabara zake zimechorwa vizuri.

Msikilizaji wa kijijini atapenda na hili la mabwawa. Maofisa wa afya walitaka mabwawa ya zamani ya miji yafukiwe kwa sababu ya mbu na malaria. Geddes alikubali kwamba mbu ni tatizo, akakataa dawa yao. Bwawa hupoza hewa na hupokea maji ya mvua kubwa, kwa hiyo alishauri lisafishwe, liwekwe samaki na bata, nao wale viluwiluwi vya mbu. Lilikuwa wazo la mtu aliyelelewa bustanini.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Indore, mji wa katikati ya India uliokuwa na mtawala wake, Maharaja. Tauni ilikuwa imeusumbua, na watu walipomwona mzungu mwenye ndevu akipita na ramani walimwogopa, maana waliamini ramani ikifika bomoabomoa iko nyuma. Geddes aliliona hilo. Akamwomba Maharaja amwachie mji kwa siku moja, wakati wa Diwali, sikukuu ya taa. Likatolewa tangazo kwamba mwaka ule maandamano ya sikukuu hayatapita barabara za siku zote, yatapita katika mitaa itakayokuwa imesafishwa na kukarabatiwa vizuri kuliko mingine. Kuzoa taka kukafanywa bure.

Mji ukaingia kazini. Watu walifagia, wakapaka rangi, wakakarabati, wakatega panya kwa wingi, mtaa ukishindana na mtaa. Siku ilipofika yakapita maandamano yenye tembo na magari yaliyopambwa, na ndani yake sanamu ya jitu la uchafu na panya mkubwa wa tauni. Mwishoni sanamu zikachomwa moto. Watu wakagawiwa miche ya mrehani mtakatifu wa Wahindu wakapande nyumbani. Baada ya hapo Geddes alipopita na ramani yake, watu walimwita waje kumwonyesha. Ripoti ya Indore ilitoka mwaka 1918 katika vitabu viwili vinene.

Miaka hiyo ilimuumiza. Mwaka 1917 mwanawe wa kwanza wa kiume, Alasdair, aliuawa vitani Ufaransa. Anna alikuwa India naye, mgonjwa sana, na Geddes alimficha habari hiyo. Anna alifariki mwaka huo huo bila kuambiwa.

Tusimfanye malaika. Aliongea bila kupumua na aliandika kwa namna iliyowachosha wasomaji. Mipango mingi aliianza akaiacha, na ripoti zake nyingi ziliishia kabatini kwa sababu wahandisi hawakupenda kusahihishwa na profesa wa mimea. Kubwa zaidi, aliajiriwa na watawala. Aliwasikiliza wakazi kuliko wengi wa zama zake, lakini hawakuwa na kura katika mpango. Mwenye neno la mwisho alikuwa gavana au Maharaja, na akisema hapana, imekwisha.

Kuanzia 1919 alifundisha chuo kikuu cha Bombay, na mwaka 1925 aliandika mpango wa mji wa Tel Aviv. Uzeeni alihamia Montpellier, Ufaransa, akajenga hosteli ya wanafunzi. Mwanzoni mwa 1932 alikubali cheo cha heshima cha mfalme, ambacho miaka ishirini nyuma alikikataa. Alifariki Aprili 17 mwaka huo huo, akiwa na miaka 77.

Njia yake ilifika hadi kwetu pwani. Mwenzake wa kazi za India, msanifu majengo Henry Vaughan Lanchester, alikwenda Zanzibar mwaka 1922 kuupima mji na kuuandikia mpango, uliochapishwa mwaka 1923. Sehemu kubwa yake haikutekelezwa. Uingereza kwenyewe, sheria ya mwaka 1947 ilizitaka mamlaka za mitaa zifanye utafiti wa eneo lao kwanza ndipo ziandae mpango, na mtu asiendeleze ardhi bila kibali. Tanganyika ikapata sheria yake ya mipango miji mwaka 1956 kwa mfano huo. Tunavyoona sisi, kibali kilivuka bahari vizuri zaidi kuliko utafiti.

Sheria ya 1956 ilitumika Tanzania Bara hadi Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ilipochukua nafasi yake. Kwa ninyi mlio vijijini, kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambayo halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, ambayo mpango wa kijiji nao hupita kwenye mkutano huo. Hiyo ndiyo kura ambayo watu wa Indore hawakuwa nayo. Na urasimishaji wa makazi, yaani kupima nyumba zilizopo na kufungua njia bila kubomoa mtaa mzima, ni jamaa wa karibu wa kazi ile ya Tanjore. Mpango ukiletwa kwenu, ombeni kuona utafiti uliofanyika na ramani inayoonyesha kilichopo sasa. Ramani ya kitakachokuwepo peke yake haitoshi.

Mnara wa Edinburgh upo mpaka leo, na wageni hupanda kutazama mji ukitembea juu ya meza. James Court pia ipo, na watu wanaishi humo.