WAKILI ALIYESHIKA JEMBE

Shuleni kwetu ukichelewa unapewa jembe. Ukipiga kelele darasani, jembe. Ndiyo maana wengi wetu tunaona shamba ni adhabu, tunangoja tu kumaliza kidato cha nne tukimbilie mjini. Hebu nikusimulie habari za mtu aliyekuwa na ofisi mjini na tai shingoni, kisha akaenda kujifunza kulima akiwa mtu mzima.

Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar, India, tarehe 2 Oktoba 1869. Alisomea uwakili London, lakini aliporudi kwao kazi ikawa haba. Mwaka wa 1893 akaitwa Afrika Kusini na mfanyabiashara mmoja Mhindi. Na je, mwajua meli yake ilitia nanga wapi kwanza? Lamu! Alishuka kutembea mjini, nusura aachwe. Mawimbi yalikuwa makali, ngazi imekwisha pandishwa, ikabidi avutwe kwa kamba hadi ndani.

Huko Afrika Kusini alipata pesa nzuri, lakini akaanza kuchoka kufanyiwa kila kitu. Akajifunza kufua na kupiga pasi. Siku ya kwanza wanga ulimdondoka kutoka kwenye ukosi wa shati mle mle mahakamani, mawakili wenzake wakacheka. Pretoria kinyozi Mzungu alikataa kumnyoa kwa sababu ya rangi yake, basi akanunua mashine akajinyoa mwenyewe. Mbele palikuwa afadhali, lakini kisogoni kama pameliwa na panya!

Mwaka wa 1904, akiwa kwenye garimoshi la kwenda Durban, alisoma kitabu cha Mwingereza John Ruskin usiku kucha. Hakukawia. Alinunua ekari 100 mahali paitwapo Phoenix kwa pauni 1,000. Palikuwa na michungwa na miembe michache, na nyoka wengi. Mtambo wa kuchapa gazeti lake ukahamishiwa huko, na wafanyakazi wakakubaliana kulipwa sawa, pauni 3 kwa mwezi. Usiku wa kwanza injini ikagoma. Mafundi seremala wakaamshwa usingizini, wakazungusha gurudumu kwa mikono hadi alfajiri. Kulipokucha injini ikakubali, kana kwamba ilikuwa inawajaribu tu.

Lakini shamba kubwa lilikuja mwaka wa 1910. Sheria ya Transvaal ya 1907 iliwalazimisha Wahindi kujiandikisha kwa alama za vidole. Waliokataa walifungwa, familia zao zikabaki bila chakula, na pesa za kuwasaidia zilikuwa zinakwisha. Watu wasipokula, mgomo utaendelea vipi? Rafiki yake Hermann Kallenbach, mchora ramani za majumba, akanunua ekari 1,100 maili 21 kutoka Johannesburg, akawapa bure wakae. Wakaliita Shamba la Tolstoy.

Hapakuwa na mtumishi hata mmoja. Walijenga nyumba za mabati, wakasaga ngano kwa mikono, wakaoka mkate. Kahawa yao ilikuwa ngano iliyokaangwa! Uchafu wote, hata wa chooni, ulifukiwa ukawa mbolea. Kallenbach alikwenda kwa watawa wa Mariannhill kujifunza kushona ndara za ngozi, akarudi akamfundisha Gandhi, naye akawafundisha wengine. Aliyekuwa na shida zake binafsi mjini alikwenda kwa miguu. Walitoka saa nane za usiku, wamebeba chakula chao. (Sisi wa shule ya kutwa tusilalamike.) Masomo ya watoto yalikuwa baada ya chakula cha mchana, na kwa kuwa asubuhi wote walikuwa wamelima, mwanafunzi alisinzia na mwalimu Gandhi pia akasinzia.

Sisemi alikuwa malaika. Zamani kule Durban alitaka kumtoa mkewe Kasturba nje ya lango kwa sababu hakupenda kumwaga chombo cha choo cha mgeni. Hapo simuungi mkono kabisa. Tena katika miaka yake ya mwanzo aliandika maneno ya dharau juu ya sisi Waafrika, na ndiyo sababu sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka wa 2018.

Aliuawa kwa risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948, na watu humkumbuka kwa uhuru wa India. Mimi namkumbuka kwa zile ndara. Alipoondoka Afrika Kusini mwaka wa 1914, alimpa Jenerali Smuts, mtawala yule yule aliyemfunga, jozi moja aliyoishona mwenyewe. Smuts alizivaa miaka mingi. Mwaka wa 1939, Gandhi alipotimiza miaka 70, alimrudishia.