Stanley Milgram

Stanley Milgram (New York, 15 Agosti 1933 – New York, 20 Desemba 1984) alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa majaribio ya utii aliyoyafanya katika Chuo Kikuu cha Yale miaka ya 1961 na 1962. Majaribio hayo yalionyesha kwamba mtu wa kawaida anaweza kumwumiza mwenzake asiye na kosa kwa sababu tu ameamriwa, na kwamba watu walio kando yake wanaweza kumvuta atii au kumpa nguvu ya kukataa.

Maisha ya awali na elimu

Milgram alizaliwa katika eneo la Bronx. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki, na baba yake alikuwa mwoka mikate. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadhi ya jamaa walionusurika katika makambi ya Wanazi walikaa na familia yake kwa muda. Swali la jinsi maelfu ya watu walivyokubali kushiriki katika mauaji yale lilimfuata hadi utu uzima.

Mwaka 1954 alihitimu shahada ya sayansi ya siasa katika Queens College, kisha akahamia saikolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Harvard. Huko alimsaidia Solomon Asch, mtafiti aliyekuwa amewaonyesha watu mistari ya urefu tofauti na kuwauliza ni ipi inayolingana. Jibu lilikuwa wazi, lakini wengi walikosea angalau mara moja pale wenzao wote, waliokuwa wamepangwa na mtafiti, walipotoa jibu lisilo sahihi kwa pamoja.

Kwa ajili ya shahada ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1960, Milgram alilinganisha tabia hiyo ya kufuata mkumbo nchini Norwei na Ufaransa, akitumia sauti badala ya mistari. Wanorwei walifuata kundi zaidi kuliko Wafaransa, ingawa katika nchi zote mbili shinikizo la kundi lilionekana.

Majaribio ya utii

Kulingana mistari au sauti hakumdhuru mtu. Milgram alitaka kujua kinachotokea pale ambapo kutii kunamletea mwingine maumivu. Alianza majaribio Agosti 1961, wakati kesi ya Adolf Eichmann, afisa wa Wanazi aliyedai kuwa alitekeleza amri tu, ikiendelea mjini Yerusalemu.

Washiriki walialikwa kupitia tangazo la gazeti na kulipwa dola 4.50 kila mmoja. Waliambiwa kwamba utafiti ulihusu kumbukumbu na adhabu. Kwa kura ya hila, mshiriki alipewa kazi ya mwalimu, na mtu mwingine aliyekuwa mshirika wa mtafiti akawa mwanafunzi. Kila mwanafunzi alipokosea, mwalimu alitakiwa kumpiga shoti ya umeme, akipanda ngazi kwa ngazi kwenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450. Kwa kweli hapakuwa na shoti yoyote, lakini mshiriki hakuambiwa hivyo. Aliposita, mtafiti aliyevaa koti la maabara alimwambia kwa utulivu aendelee.

Madaktari wa akili walioulizwa mapema walidhani ni mtu mmoja tu kati ya elfu atakayefika mwisho. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1963, wanaume 26 kati ya 40 walifika volti 450. Wengi wao hawakufurahia: walitoka jasho, walitetemeka, walipinga kwa maneno, lakini mikono iliendelea kubonyeza.

Nguvu ya wenzake

Milgram alibadilisha mazingira mara nyingi. Mtafiti alipotoa amri kwa simu, au mwalimu alipotakiwa kuushika mkono wa mwanafunzi, utii ulipungua sana. Mshiriki alipofanya kazi ndogo huku mtu mwingine akibonyeza swichi, 37 kati ya 40 waliendelea hadi mwisho. Lakini walipowekwa walimu wengine wawili waliokataa mbele yake, washiriki 4 tu kati ya 40 walifika mwisho. Hivyo kundi lililoweza kumfanya mtu akane anachokiona kwa macho yake liliweza pia kumsaidia kusimama upande wa haki.

Ukosoaji

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Diana Baumrind alimlaumu kwa kuwadanganya washiriki na kuwatia katika mateso ya moyo. Milgram alijibu kwamba walielezwa ukweli baadaye na kwamba wengi walisema wamefurahi kushiriki. Watafiti wa baadaye waliopitia kumbukumbu zake walionyesha kwamba baadhi ya washiriki walishuku kuwa shoti hazikuwa za kweli. Mjadala huo ulichangia kanuni kali zaidi za kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti.

Kazi nyingine na kifo

Baada ya kufundisha Harvard, mwaka 1967 alihamia Chuo Kikuu cha Jiji la New York. Alichunguza jinsi barua inavyoweza kumfikia mtu asiyejulikana kwa kupitia watu wachache wanaofahamiana. Mwaka 1969 alichapisha na wenzake utafiti wa barabarani: mtu mmoja aliposimama akitazama dirisha juu, asilimia 4 ya wapita njia walisimama, waliposimama watu 15, asilimia ilifika 40. Kitabu chake kikuu kuhusu utii kilitolewa mwaka 1974.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 51, akiacha mke na watoto wawili. Majaribio yake bado yanafundishwa katika saikolojia, sheria na mafunzo ya kijeshi, hasa kuhusu wajibu wa mtu anayepewa amri isiyo halali.