Charles Kettering: Mwalimu wa Kijijini Aliyebadili Uwashaji wa Magari

Mwalimu anayefundisha umeme katika somo la Sayansi aghalabu huanza na kanuni, kisha humalizia na jaribio. Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine, nayo ni kuanza na maisha ya mtu. Tumemchagua Charles Franklin Kettering wa Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mvumbuzi. Pili, kazi yake hujibu swali ambalo mtoto huliuliza mara achunguliapo chini ya boneti ya gari: kwa nini waya moja ni nene kama kidole, na nyingine ni nyembamba?

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio. Tangu ujana wake macho yalikuwa dhaifu, na kusoma kwa muda mrefu kulimletea maumivu ya kichwa. Alipomaliza shule alifundisha vijijini, na jioni aliwaonyesha wanafunzi wake majaribio ya umeme, sumaku na joto. Alipoingia chuo kikuu macho yalimshinda, akalazimika kuacha masomo. Hata hivyo hakukaa bure. Alijiunga na kikosi cha mafundi wa simu, akachimba mashimo ya nguzo na kutandaza nyaya, hata akawa msimamizi wao. Baadaye alirejea chuoni, akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1904.

Mwaka huo aliajiriwa mjini Dayton na kampuni iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono, naye akazitilia mota ndogo ya umeme. Hapo alitambua jambo ambalo lingemfaa baadaye: mota isiyofanya kazi mfululizo, bali kwa muda mfupi tu, yaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko kawaida yake, maana hupumzika kabla nyaya zake hazijapata moto wa kuziunguza.

Mwaka 1909, pamoja na Edward Deeds, alianzisha kampuni ya Delco. Kazi yao ya kwanza ilifanywa jioni katika banda la nyuma ya nyumba ya Deeds. Walianza na uwashaji wa petroli ndani ya injini. Magari mengi ya wakati ule yalitumia koili zilizotoa cheche mfululizo na kumaliza betri upesi. Mfumo wa Kettering ulitoa cheche moja, yenye nguvu, kwa wakati wake. Kampuni ya Cadillac iliupokea kwa magari yake ya mwaka 1910.

Tuieleze koili kwa lugha ya darasani. Ndani yake mna kiini cha chuma na nyaya mbili za shaba. Ya kwanza ni nene, nayo imezungushwa mara mia chache; ya pili ni nyembamba sana, na mizunguko yake ni maelfu mengi. Umeme wa betri hupita katika ile ya kwanza na kukifanya chuma kuwa sumaku. Pointi zinapoachana, umeme hukatika, usumaku huporomoka ghafla, na katika waya ya pili huzuka umeme wa volti zaidi ya elfu kumi. Huo ndio unaoruka katika plagi. Hapa mwanafunzi hukosea kwa urahisi. Akiona waya ya plagi ni nene hudhani kwamba inapitisha umeme mwingi. Sivyo. Unene ule ni wa mpira unaouzuia umeme kutoroka. Mkondo wenyewe ni mdogo mno. Kinyume chake, waya itokayo kwenye betri hadi koili hupitisha mkondo mkubwa zaidi kwa volti chache. Ikiwa ndefu na nyembamba mno, hupoteza sehemu ya volti hizo njiani. Volti 2 zikipotea katika 12, koili imepungukiwa sehemu moja ya sita, na cheche hufifia.

Kisha likaja suala la hendeli. Dereva aliwasha injini kwa kuizungusha kwa mkono, na iliporudi nyuma kwa kishindo iliweza kumvunja mkono. Wahandisi wengi waliamini kwamba mota ya kuizungusha ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari. Kettering akakumbuka mashine za dukani. Kwa kuwa stata hufanya kazi kwa sekunde chache tu, mota ndogo ingetosha, mradi ipewe mkondo mkubwa kwa waya nene na fupi. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yaliuzwa yakiwa na stata hiyo.

Walakini, mwalimu mwaminifu hasimulii nusu ya maisha. Kettering aliongoza utafiti wa General Motors hadi mwaka 1947. Ni chini ya uongozi wake kwamba Thomas Midgley, mwaka 1921, aligundua kuwa risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Mwaka 1924 wafanyakazi waliotengeneza dawa hiyo walikufa kwa sumu yake. Hata hivyo biashara iliendelea, na Kettering alikuwa rais wa kampuni iliyoiuza. Moshi huo ulidhuru akili za watoto duniani kote. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani mwaka 2021. Kettering alifariki Novemba 1958. Alijua sana kuuliza kitu kitafanyaje kazi. Hakuuliza kwa bidii iyo hiyo kitamdhuru nani.

Darasani, mwalimu achukue betri mbili za tochi na uzi mmoja wa chuma cha kusugulia sufuria. Auweke uzi juu ya kigae na kuugusisha nyaya za betri: utawaka mwekundu na kukatika. Kisha aweke msumari mahali pake, kwa kitambo kile kile: hautawaka. Wanafunzi wenyewe waseme sababu. Betri ya gari na umeme wa nyumbani visitumike kamwe.

Baada ya hapo awasimulie maisha haya, yote mawili, stata na risasi. Mtoto atakayeondoka akijua kuchagua waya amejifunza ufundi. Atakayeuliza pia nani atavuta moshi amejifunza sayansi, na sisi walimu tutakuwa tumetimiza wajibu wetu.