HABIB SALEH WA LAMU, MLEZI WA WALIMU



Wanafunzi wapenzi, wengi wenu hapa Karatu, na nyinyi mnaoteremka kila muhula kutoka vijiji vya Ngorongoro, mmelisikia jina la Habib Saleh katika maulidi. Leo namleta kwenu kama mkuu wa chuo, mtu aliyewafanya wengine wapende kusomesha.

Jina lake kamili ni Sharif Saleh bin Alawi Jamal al-Layl. Alizaliwa Singani, kisiwani Ngazija, katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Alikuja Lamu akiwa kijana, akasoma kwa masheikh wa huko, na mwishowe Lamu ikawa ndiyo kwao.

Ili mfahamu alichokifanya, lazima muijue Lamu ya siku zile. Upande wa kaskazini, Mkomani, kulikuwa na majumba ya mawe ya waungwana. Kusini, Langoni, kulikuwa na nyumba za udongo na makuti, na humo waliishi wageni kutoka Ngazija na Hadhramaut, wavuvi, na watu wa kazi ngumu. Elimu ya juu ya dini ilikuwa kama mali ya koo chache. Mtumwa akijua kuswali, ilionekana yamtosha. Habib Saleh akakaa Langoni, akawasomesha hao hao, watumwa na watoto wao wakiwemo. Alianza kabla ya utumwa kufutwa kisheria huko mwaka 1907. Wakubwa wa mji hawakupendezwa, na sababu yao haikuwa ndogo: mtumwa akishasoma fiqhi atazijua haki zake, na huenda siku moja akaketi mahali pa mwalimu, na mwana wa bwana wake akaja kusoma kwake.

Mnamo mwaka 1900 hivi, pembezoni mwa Langoni, ukasimama msikiti wa Riyadha pamoja na chuo chake. Wanafunzi wakaja kutoka mbali. Mshahara wa serikali haukuwepo. Chuo kiliishi kwa wakfu na sadaka za watu. Basi aliwatia moyo kwa nini walimu wake? Mimi naona ni kwa kuwaamini. Mtu aliyedharauliwa sokoni aliingia katika darsa akakaa safu moja na mtoto wa sharifu, na akishaiva alipewa wengine awasomeshe. Heshima hiyo hakuna fedha inayoinunua. Wengi walirudi makwao wakafungua vyuo, na ndipo Riyadha ikajulikana mwambao wote wa Afrika Mashariki hadi Uganda.

Jambo lililomletea matata zaidi ni maulidi. Mkomani yalisomwa kwa utulivu, watu wameketi. Habib Saleh akaruhusu madufu, kisha ikasomwa Riyadha maulidi aliyoitunga Habib Ali al-Habshi wa Seiyun. Vijana wa Langoni, ambao ngoma walikuwa nazo tangu utotoni, wakavutika kuja msikitini. Wapinzani walisema ni uzushi. Suala hilo maulamaa wanalo mpaka leo, nami silihukumu hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba lawama aliipokea yeye mwenyewe, hakuwaachia wanafunzi wake waibebe.

Niwape kisa kidogo changu. Nilipoanza kusomesha, mahali ambapo sitapataja, nilikata maboksi nikaandika herufi za kiarabu ili watoto wadogo wazipange kwa mikono. Wazee wawili wakalalamika, na mkubwa wangu akaniambia nizichome, bila hata kuja darasani kutazama. Nilizichoma. Mwaka mzima baada ya hapo sikubuni kitu chochote, nilifika, nikasomesha, nikaondoka.

Habib Saleh alifariki katika miaka ya 1930. Mwanawe, Sayyid Ahmad Badawi, akashika uongozi wa Riyadha, naye hakufunga mlango wala hakuyanyamazisha madufu. Kila mwaka, mwishoni mwa Mfungo Sita, Lamu hujaa wageni wa maulidi, na wengi hufika kuzuru kaburi la Habib. Hata watu wa Mkomani huja.