Bibi Zaynab binti wa Mtume (S.A.W.) na Habbar bin al-Aswad

Sondu ni mji wa soko ulioko mpakani mwa Kisumu na Kericho, wanapokutana Wajaluo na Wakipsigis kwa biashara. Na hapo hapo damu ilimwagika baina yao mwaka 1992, na tena mwaka 2023. Mzazi aliyeuliwa mtoto wake mahali kama hapo huambiwa upesi na wanaokuja matangani kwamba asamehe, ati ndiyo sunna. Ni sunna kweli. Lakini wasemao hayo na wasome kwanza habari ya Bibi Zaynab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, waone Mtume wetu alipita njia gani mpaka kuufikia msamaha.

Bibi Zaynab alikuwa mkubwa wa mabinti wa Mtume. Bibi Khadija alimzaa yapata miaka 10 kabla ya utume, akaolewa na Abul-As bin Rabi', mtoto wa Hala, dada yake Bibi Khadija. Mkewe aliposilimu yeye alibaki katika dini ya wazee wake. Walakini Makureshi walipomshurutisha amwache, alikataa katakata.

Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624), Abul-As alitekwa. Bibi Zaynab akapeleka fidia ya kumkomboa mumewe, na ndani yake mlikuwamo kidani alichopewa na mama yake siku ya harusi. Mtume alipokiona kidani cha marehemu Khadija moyo wake ulilainika sana. Kwa ridhaa ya Masahaba mateka akafunguliwa, na kidani kikarudishwa, kwa sharti kwamba Abul-As amwachilie Bibi Zaynab aende kwa babake Madina.

Shemeji yake Kinana akamtoa Makka mchana, amepanda ngamia, naye ni mja mzito. Makureshi wakawafuata, wakawapata Dhi Tuwa. Wa mbele yao alikuwa Habbar bin al-Aswad, akamtishia kwa mkuki. Bibi akaanguka, mimba ikaharibika. Kinana akamwaga mishale yake chini, akaapa kumpiga atakayesogea. Siku kadhaa baadaye akatolewa usiku kwa siri, akapokewa na Zayd bin Haritha, akafika Madina.

Basi Mtume alifanyaje? Wapokezi wa sira wanasimulia kwamba aliliagiza jeshi likimpata Habbar limchome moto. Kisha akaitangua amri ile, kwa kuwa adhabu ya moto ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, akaamuru auawe tu. Hapa msamaha haujaja bado. Lililokuja kwanza ni kuizuia ghadhabu isipite mpaka wa sheria, na hilo watu wa matangani hawalitaji.

Miaka ikapita. Abul-As akasilimu mwaka wa 7, akarejea kwa mkewe. Lakini madhara ya kuanguka kule hayakumtoka Bibi Zaynab, na wapokezi wanasema ndiyo yaliyomfisha mwanzoni mwa mwaka wa 8. Mtume alitoa shuka yake mwenyewe avikwe mwilini chini ya sanda.

Mwaka huo huo, katika Ramadhani, Makka ikafunguliwa. Habbar alikimbia, kisha akaja mwenyewe mbele ya Mtume, akakiri makosa yake na kutoa shahada. Mtume akamsamehe.

Watasema wengine kwamba alisamehewa kwa kuwa Uislamu hufuta yaliyotangulia. Hiyo ndiyo hukumu. Lakini hukumu haimwondolei mzazi uchungu wa kumtazama aliyemdhuru mwanawe. Wahshi, aliyemuua Bwana Hamza, ami yake Mtume, alisilimu naye akakubaliwa, na juu ya hayo Mtume alimtaka asimwonyeshe uso wake. Basi mzazi wa Sondu asiyeweza kupita mbele ya duka la fulani asiambiwe kwamba imani yake ni pungufu. Kudai haki yake mbele ya hakimu si dhambi. Dhambi ni kwenda kuteketeza usiku nyumba ya mtu asiyehusika, kwa kuwa ni wa kabila lile.

Habbar akakaa Madina. Watu walipoanza kumtukana kwa yale aliyoyatenda, Mtume akakataza asitukanwe wala asisumbuliwe. Naye Umama, binti mdogo wa Bibi Zaynab, ambaye Mtume alikuwa akimbeba katika Sala, alikuwa hai siku hizo, katika mji ule ule.